Sakafu ya Nuala

Fintan amekuja na nusu ya ubao wa mawimbi.
Nusu ya nyuma. Ya mbele imebaki na bahari ya Novemba
huko Easkey, penye mwamba bapa
na wimbi linalojibamiza kama mlango wa mwenye hasira.
Ni dereva wa lori la maziwa. Hata kofia yake yanuka maziwa.
"Nautaka huu huu," anasema. "Sitaki nduguye. Huu."

Nuala hajibu upesi. Anapitisha kidole ubavuni:
bluu ya wino imeingia ndani ya malai,
malai imejikunja, ikakimbia, ikarudi,
na katikati uzi wa kahawia, chai iliyokolea,
ambao hakuna aliyeuagiza. Ulijialika.

"Urefu nitakupa. Uzito nitakupa.
Mkunjo wa pua, mapezi, uti wa mwerezi, yote nimeyaandika.
Rangi ninazo kwa gramu.
Ila hiki kizunguzungu sikukitengeneza mimi.
Nilikuwepo tu."

Machi. Mvua inapiga kwa ubavu.
Zizi la ndama la marehemu baba yake,
jiko la mafuta ya taa limewaka tangu alfajiri,
maana rezini ikipata baridi hununa,
na ikizidiwa na joto hugandia ndooni, ikafuka moshi,
ukaitupa nje kwenye nyasi huku ukitukana.
Digrii kumi na tisa.
Kazi yangu, mwaka wa kwanza: kushika vikopo na kunyamaza.

Kigandishi tone kwa tone, kama dawa ya mtoto mchanga.
Malai kwanza. Bluu juu yake, kutoka kimo cha kiwiko.
Kahawia kijiko kimoja.
Kijiti kikapita ndooni mara moja.
Mkono wangu ukanyanyuka uongeze.
Jicho lake likaurudisha.
Koroga mara ya pili, upate maji ya kuoshea brashi.

Tuna dakika kumi na mbili.
Anamimina toka mkiani hadi puani, mwendo wa nyoka,
kitambaa cha kioo kinalowa, kinapotea,
kinakuwa ngozi.
Kibao cha mpira kinasukuma, rangi inabisha,
inajikusanya penye uti kama watu penye ajali,
kisha yateremka ubavuni, yachuruzika,
to, to, to, sakafuni.
Uzi wa kahawia umeshika kushoto.
Ule wa zamani ulishika kulia.

Harufu ikakaa kwenye nywele zangu hadi Jumapili.

Ubao ulipokwisha kusuguliwa, Fintan alikuja
akalaza ile nusu kando yake.
Alitazama. Akazunguka. Akatazama upande wa pili.
"Mzuri," alisema,
kama anayesifu mtoto wa jirani.

Nuala akachukua patasi na nyundo,
akapiga magoti chini ya vigogo tunavyolazia kazi,
pale matone ya miaka tisa yamerundikana
yakawa kilima kidogo, kigumu, kinachotukwaza.
Tabaka la juu ni la juzi. Chini yake nyekundu ya mwalimu,
kijani cha mapacha wa duka la dawa,
nyeupe ya yule aliyeondoka bila kulipa.
Nyundo. Nyundo tena.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Rezini si maji.

Kilibanduka kipande kama sabuni inayokaribia kwisha.
Akakipiga msasa, akakitemea mate, akakifuta kwa aproni:
bluu, malai,
na chai, nyembamba kuliko unywele.
"Hiki kilidondoka siku ile ile," alisema. "Ndoo ile ile."

Fintan alikitia mfukoni bila neno.
Aliufunga ubao mpya juu ya gari, kamba tatu,
akarudi kwa ajili ya kofia, akarudi tena kulipa.

Mimi nikaleta saruji nizibe shimo.
"Liache," akasema Nuala.
"Jumanne tunamimina njano."